Haba na Haba, na Deni Lisilotajwa: Uhakiki wa Waraka wa Hartwell juu ya Sera za Tabianchi

Utangulizi

Mwezi Mei 2010 wataalamu 14 kutoka Asia, Ulaya na Marekani Kaskazini walitoa andiko fupi lijulikanalo kwa jina la Waraka wa Hartwell. Jina hilo linatokana na Hartwell House, jumba la kale katika jimbo la Buckinghamshire huko Uingereza, ambako walikutana mapema mwaka huo. Walikuwa na sababu ya kukutana. Mwezi Novemba 2009 barua za wanasayansi wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha East Anglia ziliibwa na kusambazwa, na watu wengi wakaanza kuwatilia shaka wataalamu. Mwezi uliofuata mkutano mkubwa wa Copenhagen ulikwisha bila mkataba wenye nguvu ya kisheria. Waandishi wa waraka waliona kwamba njia iliyofuatwa tangu miaka ya 1990 imefika ukingoni, nao wakapendekeza njia nyingine, ambayo katika makala hii tutaiita njia ya yanayowezekana.

Tunauhakiki waraka huo baada ya zaidi ya miaka 15 kwa sababu mbili. Kwanza, mengi uliyoyapendekeza yamekwisha kujaribiwa, hivyo tunaweza kuupima kwa matunda yake. Pili, fikra zake zimeenea kiasi kwamba wengi huzitumia bila kujua zilikotoka. Anayesema kwamba tuache kubishana juu ya lawama, tutafute nishati safi iliyo nafuu, anasema kwa sauti ya Hartwell. Mchungaji na mwanafunzi wa theolojia hawana budi kujua nini kimo ndani ya usemi huo, na nini kimeachwa nje.

Hoja tunayoitetea ni hii: waraka unawaelewa wanadamu jinsi walivyo, na kwa hilo unastahili kusikilizwa, lakini haukuuliza ni nani anayeamua kinachowezekana, na hivyo ukazungumzia utu wa maskini bila kulitaja deni wanalodaiwa matajiri.

Waraka unasema nini

Mafundisho ya waraka tunaweza kuyafupisha katika mambo manne.

Jambo la kwanza ni namna ya kulitazama tatizo lenyewe. Waandishi waliazima wazo la Horst Rittel na Melvin Webber, ambao mwaka 1973 walieleza kwamba yako matatizo ya jamii yasiyo na suluhisho moja, ambayo kila jaribio la kuyatatua huzaa mengine. Mabadiliko ya tabianchi, walisema, ni ya namna hiyo. Hayafanani na daraja lililovunjika, ambalo fundi hulijenga upya akaenda zake. Ni hali ambayo vizazi vingi vitaishi nayo na kuitawala kwa kadiri ya hekima yao.

Jambo la pili ni njia ya kuzunguka. Waandishi walimtaja Lancelot Brown, mtengeneza bustani mashuhuri wa Uingereza wa karne ya 18 aliyejulikana kwa jina la utani la Capability Brown. Bustani zake hazikumpeleka mgeni moja kwa moja hadi mlangoni. Njia ilizunguka, na mgeni alifika akiwa ameyaona mengi. Vivyo hivyo, walisema, hatutapunguza hewa ya ukaa kwa kuilenga yenyewe tu. Tutaipunguza tukiwa tunatafuta mambo mengine ambayo watu wanayataka leo.

Jambo la tatu ni msingi wa kimaadili, yaani utu wa mwanadamu. Juu ya msingi huo waliweka malengo matatu: kila mtu apate nishati, maendeleo yasiharibu mifumo ya dunia inayotegemeza uhai, na jamii ziandaliwe kustahimili hatari zitokanazo na hali ya hewa, chanzo chake kiwe chochote.

Jambo la nne ni vitendo. Kodi ndogo itozwe juu ya kaboni, na mapato yake yatengwe kwa ajili ya ubunifu wa nishati safi, hadi nishati hiyo iwe nafuu kuliko makaa ya mawe na mafuta. Wakati huohuo dunia ishughulikie mapema vichafuzi vingine, kama masizi yatokayo kwenye majiko na injini, ambavyo huweza kupunguzwa kwa haraka na kuleta afya papo hapo.

Mahali ambapo waraka umepatia

Tukitaka kuwa wakweli, hatuna budi kukiri kwamba ukosoaji wao wa njia ya zamani ulikuwa na uzito. Itifaki ya Kyoto ilikubaliwa Desemba 1997 na kuanza kutumika Februari 2005. Ilizitaka nchi zenye viwanda zipunguze gesijoto kwa wastani wa asilimia 5 chini ya kiwango cha mwaka 1990, katika kipindi cha 2008 hadi 2012. Lakini Marekani ilijitoa mwaka 2001, na Kanada ikatangaza kujitoa Desemba 2011. Hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi ilikuwa takriban tani bilioni 23 kwa mwaka 1990. Mwaka 2010 ilifika takriban bilioni 33, na mwaka 2023 ilizidi bilioni 37. Ahadi zilipanda jukwaani, na hewa chafu ikapanda pamoja nazo.

Maelezo ya jambo hili yako wazi katika hesabu iliyoandaliwa na mchumi wa Japani Yoichi Kaya. Hewa ya ukaa ya nchi hutokana na mambo manne yanayozidishana: idadi ya watu, kipato cha kila mtu, nishati itumikayo kupata kipato hicho, na kaboni iliyomo katika nishati hiyo. Hakuna serikali yenye haki itakayowaondoa watu, wala iliyo tayari kuwaambia raia wake wabaki maskini. Yanabaki mambo mawili ya mwisho, nayo ni ya ufundi na ubunifu. Mmoja wa waandishi wa waraka, Roger Pielke mdogo, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo wa 2010 kwamba kila mara sera ya kupunguza hewa chafu inapogongana na ukuaji wa uchumi, ukuaji ndio hushinda. Aliiita kanuni hiyo sheria ya chuma. Matukio yaliyofuata hayakumkanusha. Australia ilianza kutoza bei ya kaboni mwaka 2012 na kuifuta mwaka 2014. Ufaransa ilipokusudia kuongeza kodi ya mafuta mwaka 2018, watu waliovaa vizibao vya njano walijaa barabarani, na serikali ikarudi nyuma.

Waraka ulipatia pia kuhusu bei. Gharama ya umeme wa jua kutoka mitambo mikubwa ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023. Leo watu wengi hufunga paneli za jua kwa sababu ni nafuu, hata kama hawajawahi kusikia habari za Kyoto. Huko ndiko kufika mlangoni kwa njia ya kuzunguka.

Tena, waraka ulisema neno linaloigusa nchi yetu. Kaya nyingi za Tanzania hupika kwa kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto walio karibu na jiko. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Mama anayepata jiko safi hahitaji kwanza kusadikishwa juu ya joto la dunia mwaka 2100. Kifua chake kinapona mwaka huu, na msitu unapumzika. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mapokeo yetu ya Kilutheri mtazamo huu si mgeni. Martin Luther alifundisha kwamba katika utawala wa mambo ya dunia Mungu ametupa akili ituongoze, na kwamba mtawala hatakiwi kuiendesha nchi kana kwamba raia wote ni watakatifu. Sera inayofaa tu pale ambapo watu wote wamekwisha kutubu haitawafaa watu wa mitaa yetu.

Mahali ambapo waraka umepungukiwa

Hata hivyo, tunayo maswali matatu.

Swali la kwanza: ni nani anayeamua kinachowezekana? Waandishi 14 waliweka lengo lao la kwanza kuwa nishati kwa wote, wakati ambapo takriban watu bilioni 1.5 hawakuwa na umeme. Lakini miongoni mwao hakuwamo hata Mwafrika mmoja. Hatusemi kwamba asiyekuwa maskini hawezi kuwatetea maskini. Tunasema kwamba neno "kinachowezekana" hubadilika kulingana na mahali msemaji alipoketi. Kwa aliye Washington, kisichowezekana ni kodi itakayowaudhi wapiga kura. Kwa mkulima ambaye mvua zake zimepotea, kisichowezekana ni kungoja. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Sera inayoanza kwa kuuliza tu wenye nguvu watakubali nini imekwisha kumpisha kabla hajaomba njia.

Swali la pili: nani atailinda fedha iliyotengwa? Hapa historia imetupa mfano ulio karibu sana na pendekezo la waraka. Julai 2010 India ilianza kutoza rupia 50 kwa kila tani ya makaa ya mawe, na mapato yakakusudiwa kwa mfuko wa nishati safi. Kodi ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa na kusudi maalumu, na watu hawakuifanyia maandamano. Ilipandishwa mara kadhaa hadi kufikia rupia 400 mwaka 2016. Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo haikutumika kwa kazi iliyokusudiwa, na mwaka 2017 tozo hiyo ilifutwa, na mahali pake ikawekwa nyingine ya kuyafidia majimbo mapato yaliyopotea kwa mfumo mpya wa kodi. Kutoza kuliwezekana, kutimiza ahadi ndiko kulikoshindikana. Waraka ulijua jinsi ya kuwafanya watu wakubali kulipa, bali haukutueleza ni kitu gani kitakachoifunga serikali itumie fedha kama ilivyoahidi.

Jua nalo linatufundisha jambo kama hilo. Waraka ulitilia mkazo utafiti na ubunifu. Lakini bei ya paneli haikushuka kwa kazi ya maabara peke yake. Mwaka 2000 Ujerumani ilitunga sheria iliyomhakikishia mzalishaji wa umeme wa jua bei nzuri kwa muda wa miaka 20, na gharama yake ikabebwa na watumiaji wa umeme wa nchi hiyo. Soko lililofunguliwa na sheria hizo lilizipa nafasi hasa karakana za China, zikazalisha kwa wingi na kushusha bei. Unafuu tunaoufurahia leo ulilipiwa na watu waliokubali kubeba mzigo wakati paneli zilipokuwa ghali. Kwa hiyo sheria ya chuma ina mwanya: wako watu ambao, wakifungwa na sheria wanayoiona kuwa ya haki, hukubali kulipa kabla ya kupata.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: deni liko wapi? Katika malengo matatu ya waraka hakuna linalouliza nani aliijaza anga hewa chafu na nani alipe. Afrika yote hutoa takriban asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia. Kule Copenhagen mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea. Kwa hesabu ya shirika la nchi hizo tajiri wenyewe, OECD, kiasi hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Hebu wasomaji walitafakari jambo hili: jirani amechoma moto shamba lake, moto umeteketeza ghala letu, naye anakuja kutukopesha mahindi kwa riba. Waraka unaofundisha utu bila deni hauna neno la kumwambia jirani huyo. Unaweza tu kumshukuru kwamba amekuja.

Waandishi wangeweza kutujibu kwamba mabishano juu ya deni ndiyo yaliyoikwamisha Kyoto. Ni kweli kwamba mwezi Julai 1997 Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura 95 kwa 0 kupinga mkataba wowote usiozifunga nchi zinazoendelea pia. Lakini tuutazame Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 unaolinda tabaka la ozoni, ambao nchi zote za Umoja wa Mataifa zimeuridhia. Mkataba huo ulishughulikia jambo moja, kwa hatua, na kwa ushirikiano wa viwanda. Ndani yake pia mlikuwa na haki: nchi tajiri zilianza kwanza, nchi zinazoendelea zikapewa nafasi ya miaka 10, na mwaka 1990 ukaundwa mfuko wa kuzilipia gharama. Marekani, ambayo ingeikataa Kyoto, iliuridhia mkataba huu mwaka 1988. Oktoba 2016, mjini Kigali, mkataba huohuo uliongezewa sehemu ya kupunguza gesi za majokofu zinazopasha dunia joto, kwa utaratibu uleule wa matajiri kutangulia. Tunakubali kwamba gesi za majokofu ni jambo dogo kuliko makaa ya mawe na mafuta, ambayo yanagusa kila tendo la maisha. Lakini mfano huo unatosha kuonyesha kwamba deni likitajwa kwa uwazi na kupangiwa malipo haliui mapatano. Huyajengea imani.

Yubile iliyoachwa nje

Jambo la kushangaza ni kwamba mmoja wa wale 14 alikuwa na neno tunalolitafuta. Mike Hulme, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu sababu zinazotufanya tutofautiane juu ya tabianchi, alitumia picha nne za Biblia kueleza jinsi watu wanavyofikiri. Wako wanaoililia Edeni iliyopotea. Wako wanaotangaza mwisho wa dunia. Wako wanaojenga Babeli, wakiamini kwamba ufundi wa wanadamu utatawala hata mawingu. Na wako wanaotazamia Yubile, yaani haki kwa walioonewa. Tukiusoma Waraka wa Hartwell kwa picha hizo, tunaona kwamba uliwaonya kwa busara watu wa Edeni na wa mwisho wa dunia, na ukaikwepa Babeli kwa unyenyekevu wake. Yubile haikupewa kiti mezani.

Nasi tunajua kwamba Yubile si ndoto ya wasioijua siasa. Katika Walawi 25 ni sheria yenye tarehe, vipimo na hesabu za bei ya shamba. Na katika kizazi chetu, Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mji wa Birmingham, Uingereza, walipokutana wakuu wa mataifa tajiri, wakidai madeni ya nchi maskini yafutwe. Wengi wao walitoka makanisani. Mwaka uliofuata, mjini Cologne, wakuu hao walikubali mpango mpana zaidi wa msamaha. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kupata msamaha wake, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa. Madarasa yakajaa watoto ambao jana yake walikuwa nyumbani. Kabla ya watu wale kushikana mikono, wenye busara wengi walihesabu jambo hilo kuwa haliwezekani. Mipaka ya yanayowezekana ilisogezwa na watu waliodai yaliyo haki.

Maana yake kwa utumishi wetu

Je, mchungaji afanye nini na waraka kama huu? Tunapendekeza aupokee kwanza kama mwalimu wa mahubiri. Mhubiri anayemwambia mchoma mkaa kwamba anatenda dhambi, bila kumwonyesha njia nyingine ya kuwalisha watoto wake, amemtwika mzigo asioweza kuubeba, na kesho yake tanuru litawaka kama kawaida. Usharika unaonunua majiko banifu, unaofunga paneli juu ya zahanati, na unaopanda miti ambayo wanakijiji wenyewe wanaitaka, umefanya mengi kuliko mahubiri kumi juu ya maangamizi.

Lakini asiishie hapo. Katika Luka 19 Zakayo alitenda mambo mawili, na wahubiri huyachanganya mara kwa mara. Nusu ya mali yake aliwapa maskini. Hiyo ilikuwa sadaka. Wale aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne. Hayo yalikuwa malipo. Hakuyahesabu malipo kuwa sadaka. Misaada ya tabianchi inapokuja katika dayosisi zetu kwa jina la ukarimu, yafaa tuipokee kwa shukrani, na pia tuwaambie ndugu zetu wa makanisa ya Kaskazini, kwa upole na bila woga, kwamba sehemu yake ni ya hesabu ya pili ya Zakayo. Wao ni raia na wapiga kura katika nchi zao, na wanaweza kusogeza mipaka ambayo serikali zao husema haisogei.

Hitimisho

Waraka wa Hartwell ulikuja wakati wa kukata tamaa, ukaonyesha njia ya kutembea. Ulituonya tusijenge sera juu ya wanadamu wasiokuwapo. Kwa hayo tunawashukuru waandishi wake, na tunawashauri wanafunzi wetu wausome wote, maana si mrefu. Lakini mambo yaliyotokea baada yake yanaonyesha kwamba hatua ndogo hufika mbali pale tu ambapo kuna agano linalozifunga: sheria ya Ujerumani, mfuko wa Montreal, utaratibu wa Kigali. Pasipo agano, zilifanana na rupia za India, zilizokusanywa kwa kusudi jema zikaenda kwingine. Kibaba hujazwa na haba na haba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai. Na kwa yule aliyelichoma ghala la jirani, hekima ya wazee wetu haijabadilika: dawa ya deni ni kulipa.